Bega na Bamvua

Mwanaesha alinunua marekani mita kumi na mbili,
akataka nikate vipande vitatu, nivishone kimoja juu ya kingine,
mshono wa ndani, usioonekana,
"maana nataka ukuta, Rishadi, si shuka."
Mimi ni fundi wa kanzu. Nikashona ukuta.
Akalipa vipande viwili.
"Cha juu nitakulipa nikikifika."

Bega lake la kulia lilikuwa limeganda tangu Rajabu.
Mkono ulipanda hadi kifuani ukakataa,
kama mlango uliovimba kwa unyevu.
Kule Makadara, Nyamawi wa mazoezi ya viungo
alimfunza kusimama mbele ya ukuta
na kupandisha vidole, kama kaa,
pole,
pole,
na pale vitakapogoma, atie alama ya penseli.

Penseli! Alicheka mpaka bega likamkanya.
Akarudi Jomvu Kuu, akaitundika ile marekani,
akachovya vidole.

Nilipompelekea nyuzi nilimkuta amelipa dirisha kisogo,
mikoko yote ikimchungulia mgongoni.
Sakafuni mabakuli: magome ya mkandaa yaliyochemka usiku kucha,
manjano ya jikoni, jivu, masizi ya sufuria,
tope la mtoni alilolichuja kwa kipande cha kanzu
nilichodhani nimekitupa.
"Lugha yetu, fundi, ina rangi tatu tu zenye mizizi.
Nyeupe, nyeusi, nyekundu.
Hizo ukiziita huitika: cheusi, jekundu, weupe.
Zilizobaki zimeazima nguo.
Kijivu kaazima kwa jivu, zambarau kwa tunda,
samawati kwa mbingu,
na ngozi zetu hizi zimeazima maji ya kunde.
Haya niambie, maumivu yameazima wapi?"

Sikujibu. Nilikuwa na pini mdomoni.

Hukuti mti kwenye kitambaa kile, wala uso, wala maji.
Ni vidole vinne vinapanda, vinasita, vinapanda,
na pale vinaposita rangi huwa nzito,
imelowa, imerudiwa,
kama neno la mtu anayetafuta jina la mtu.
Siku za maji mafu mstari ulilala chini.
Siku nyingine aliacha bega liseme,
akasimama tu, kiganja kikigusa kitambaa,
akisikiliza joto likishuka kutoka shingoni hadi kwenye kiko,
ndipo akachagua bakuli.
Mara moja alichagua tope tupu.
"Leo limeamka hivi," alisema.

Akaja kijana mmoja mtafuta picha za ukumbi wa maonyesho,
viatu vyeupe, akavivua kwa huzuni mlangoni.
Alitazama sana. Kisha: "Mama, huku juu hujamaliza?"
Mwanaesha alimpeleka dirishani.
Maji yalikuwa yametoka. Mikoko imesimama na mizizi yake nje,
na mashina yote, makubwa kwa madogo,
yamepakwa tope hadi kimo kimoja,
sawasawa, kana kwamba kuna mtu aliyepita na kamba.
"Na yale maji," akamuuliza, "yamemaliza?"

Kijana hakuinunua. Alivaa viatu.

Usiku wa bamvua simu ililia saa tisa.
Nilidhani msiba. Ni sauti yake, inahema:
maji yamefika kizingitini, kaa wameingia hadi jikoni,
naye hakulala, amesimama gizani mbele ya kitambaa,
hakuwasha taa, hajui hata amechovya bakuli gani,
"na kidole cha kati, Rishadi, kile kirefu,
kimeusikia mshono wako."
"Upi?"
"Wa pili."

Nilikaa kitandani nikiwa na simu iliyokatika.
Miaka ishirini na sita shingo yangu imeinamia cherehani
na sijawahi kuiuliza imeazima wapi.
Nikainua mkono gizani, huu mzima, usio na kesi,
nikausikia unavyopanda:
ubavu ukinyooka, ngozi ya kwapa ikivutwa,
kitu kidogo kikilia begani kama uzi unaokaza.

Asubuhi nilifungua daftari la madeni.
Mwanaesha, marekani, mita nne.
Nikaacha kama lilivyo.